Imefunguka!

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi, kwa hiyo anayesema benchi hili ni la wote namwomba asimame. Kulia kuna meza ya Chaja, fundi simu, anayetembea na nyaya shingoni utadhani daktari. Kushoto anakaa Stempu, karani mstaafu, ambaye halimalizi neno lake mpaka agonge paja mara mbili, mazoea ya mhuri. Nyuma ya birika yuko Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu ila anatugombeza kwa haki ileile. Na katikati, kila asubuhi, anakaa Ramani. Huyu anachora ramani za nyumba kwenye laptopu, ghorofani, juu kabisa ya kichwa changu. Anaiwasha, anaiambia ifungue mchoro, halafu anashuka kunywa kahawa, maana laptopu yake kufungua mchoro mmoja ni safari. Ikifika, mke wake anatoa kichwa dirishani: "Imefunguka!" Benchi zima tunaitikia kwa sauti moja, "Imefungukaaa!" Ramani anabwaga kikombe anapanda ngazi mbio, asije akakuta imebadili mawazo. Mtaa huu hauna saa nyingine zaidi ya hiyo.

Siku hiyo Ramani hakushuka ngazi, aliziruka.

— Imetoka!

— Imefunguka? — nikamuuliza, mashine ya kunyolea mkononi. — Si umeiwasha sasa hivi?

— Haijafunguka. Imetoka! Ile mpya! Jamaa wa duka la laptopu kanipigia. Zimeingia jana, zimegombaniwa, imebaki moja, kaificha chini ya kaunta kwa ajili yangu. Nimpe jibu kabla ya adhuhuri, la sivyo anaiuza!

Chaja aliangusha bisibisi. Shangazi alimimina kahawa nje ya kikombe. Stempu ndiye pekee aliyekuwa na akili ya kuruka na kumziba Ramani mdomo kwa kiganja.

— Shusha sauti, mwanangu! Dirisha liko wazi. Unataka ikusikie?

Hapa inabidi nieleze, usije ukatuona wendawazimu. Stempu anashikilia kwamba laptopu ya zamani ikisikia habari za mpya, inakufa moyo. Alianza kusema hivyo baada ya Ramani kulisoma tangazo la toleo jipya kwa sauti, mezani, mbele ya mashine yenyewe, na mashine ikaganda palepale, ikakataa hata kuzimwa. Tangu hapo kule ghorofani ni marufuku kulitaja. Mke wa Ramani ameonywa. Mambo yote ya dukani yanazungumzwa benchini, kwa kunong'ona, na toleo jipya tunaliita "mgeni." Mimi upuuzi huo siuamini hata kidogo. Lakini na mimi nashusha sauti, sitaki baadaye nije kulaumiwa.

— Haya, mgeni — Ramani akanong'ona, macho yanamwaka. — Mgeni amefika. Nifanyeje?

— Unauliza? — nikamjia juu. Sina subira na watu wa kujiuma vidole. — Pesa umeweka, mashine umefichiwa, unangoja kadi ya mwaliko?

— Pesa siyo shida. Ila niliyonayo bado inafungua. Polepole, lakini inafungua. Nyumba zote nilizochora maishani zimo humo. Mtu akuhudumie miaka yote hiyo, halafu umtupe kwa sababu pumzi zimekuwa fupi?

— Na atakayemwambia ni nani? — Stempu akadakia. — Mimi simo. Habari kama hiyo inatakiwa kupelekwa na mtu wa familia.

— Mkeo anasemaje? — Shangazi akauliza.

— Anasema niamue mwenyewe.

Sote tukaguna. Mke akisema uamue mwenyewe, jibu ameshalitoa, wewe kazi yako ni kulikisia.

— Mwanangu — Shangazi akasema, safari hii kwa upole — yule mwenye duka la vigae aliondoka kwa nini?

Ramani akainamisha kichwa. Kisa hicho benchi lote tunakijua. Mwenye vigae alikuja kuona jiko lake likisogezwa upande wa pili, jambo la kubonyeza tu. Akaketi ghorofani, akatazama kile kiduara kinavyozunguka kwenye kioo, akapiga miayo, akatazama saa, akauliza "bado?", akaambiwa bado, akainuka na kusema "nitarudi." Sasa hiyo "nitarudi" ya mteja, sisi tunaokula kwa mikono yetu tunaijua ladha yake. Hata kwangu ipo. Mtu anachungulia mlangoni, anaona kuna mwingine kitini, anasema nitarudi, unakuja kukutana naye sokoni amenyolewa na adui yako.

— Na leo anakuja yule nesi — Ramani akasema. — Nyumba yake ya kwanza maishani. Kanieleza mpaka dirisha analotaka kulala akilitazama. Naye akiniambia nitarudi, mimi basi. Nitabaki nachora mabanda ya kuku.

— Ndiyo nakwambia mchukue mgeni! — nikasema.

— Hebu nimweleze mgeni ni nani — Chaja akavuta kigoda akatusogelea. Chaja hajawahi kumshika mgeni wala kumwona, ila kila kilichoandikwa juu yake amekisoma. — Kwanza kabisa, huwashi.

— Huwashi? Inawakaje sasa?

— Unainua kifuniko, inakuona uso, inafunguka. Kufumba na kufumbua! Mchoro ulioacha jana uko vilevile, mstari umesimama palepale ulipouachia.

— Inamjua kwa uso? — Hapo nikaweka mashine yangu chini. — Na akinyolewa?

— Inamjua tu.

— Akitoa ndevu zote?

Chaja akasita.

— Ndevu... hapo kwenye ndevu sina hakika.

Moyo ulinidunda kwa furaha, sifichi. Niliiona kesho yangu yote mara moja: foleni mpaka barabarani, kila mtu na laptopu yake mapajani, "kinyozi, punguza pembeni kidogo, ngoja kwanza tuone kama bado inanitambua." Nikatangaza hapohapo kwamba dukani kwangu kuna huduma mpya, kunyoa na kutambulishwa upya, na anayetaka kuweka nafasi aweke.

— Uroho huo! — Stempu akasema. — Mko kwenye ndevu, la maana hamjauliza. Chaja, unene wake?

Chaja akaonyesha kwa vidole viwili. Katikati yake hata kisahani kisingepita.

— Usimpelekee mama mkwe jikoni — Shangazi akamwonya Ramani. — Atakatia vitunguu.

— Subiri, Shangazi. Ya zamani ni nene kama tofali, imejaa vitu. Hii nyembamba hivyo. Vitu vimekwenda wapi? — Stempu akagonga paja mara mbili.

— Vimepunguzwa — Chaja akasema.

— Nimekaa stoo maisha yangu yote ya kazi. Kitu hakipungui. Kitu kinahamishwa! Nawaambia, nusu ya laptopu hiyo wameibakiza kwao. Wewe unapewa kifuniko na vitufe, utumbo uko kiwandani, rafuni, umebandikwa jina lako.

— Ndiyo maana haina feni! — Chaja akapigwa na mwanga. — Kweli haina feni! Nimesoma haipati joto kabisa!

— Umeona? Joto lote linabaki kwao. Huko kwao ni baridi, wanaota moto!

— Kwa kazi ya Ramani! — Shangazi akashika kifua.

— Kwa jasho la Ramani! Kila akichora choo, kuna mtu huko anapata joto la miguu.

— Basi nichore ghorofa, wapike kabisa — Ramani akasema, na ndiyo mara ya kwanza kucheka asubuhi ile.

Kicheko kilikuwa bado hakijatulia tulipomwona mwanamke mbele ya benchi, viatu vyeupe, sweta begani juu ya sare, macho mekundu ya kukesha.

— Samahanini. Nimepanda juu, dada mmoja kaniambia mchoraji yuko huku chini, eti nimngojee hapa mpaka ifunguke.

Nesi! Ramani akasimama, akaketi, akasimama tena.

— Dada, karibu, samahani sana, siyo muda, ndiyo inafunguka hivi...

Mimi mawazo yalikwenda moja kwa moja kwa mtu wa vigae. Nilichomoa taulo safi la dukani, lile ninalowawekea maharusi, nikafuta benchi. Chaja akampa kigoda chake aegeshe miguu. Stempu akavua kofia. Shangazi hakuuliza kama anakunywa, nesi aliona kikombe kimeshamfika mkononi.

— Jamani, msihangaike — nesi akasema. — Nimesimama wodini usiku kucha. Mimi kukaa tu ni sherehe. Mlikuwa mnacheka nini?

Tukatazamana.

— Mgeni — Stempu akajibu kwa sauti ya chini.

— Mgeni gani?

Tukamweleza, kila mmoja akimkata mwenzake kauli, kwa kunong'ona. Tukamweleza na sababu ya kunong'ona. Akainua macho dirishani, akafikiri kidogo, kisha na yeye akashusha sauti.

— Na huyo mgeni anachora mwenyewe?

Nilimpenda palepale.

— Anachora! — Chaja akasema. — Unamwambia tu, vyumba viwili, jiko, baraza. Anachora.

— Heee! Na Ramani atabaki na kazi gani? — Shangazi akauliza.

— Ya kumwambia.

— Kama ni kuambia tu, si mteja atamwambia mwenyewe?

— Na kwa nini mteja? — Stempu akadakia, na nilijua kwa namna alivyoweka kofia yake chini kwamba sasa tunaondoka ardhini. — Mteja atakuwa na yake, mwashi atakuwa na yake. Laptopu ya mteja inaongea na ya mwashi. Zinapatana, zinagombana, zinasuluhishwa na ya tatu. Watu tunaamka asubuhi, nyumba imesimama, hatujui ya nani!

— Ya laptopu! — nikasema kwa nguvu, nikasahau kunong'ona. — Zimejijengea zenyewe!

— Soketi kila ukuta! — Chaja akasimama. — Soketi mpaka darini!

— Jiko je?

— Jiko la nini? Zinakula umeme!

— Na choo?

— Choo kipo — Stempu akasema kwa uzito. — Kile alichochora Ramani. Wenzetu kule lazima waote moto.

Nesi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Shangazi akampiga mgongoni huku na yeye akijishikilia birika asianguke. Nesi alipopata pumzi, alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akanyoosha miguu juu ya kigoda cha Chaja.

— Tangu nianze zamu za usiku sijacheka hivi — akasema. — Shangazi, niongeze.

Mteja anaomba kikombe cha pili! Hajatazama saa, hajauliza bado. Akaanza kumweleza Shangazi habari za dirisha lake, kwamba akirudi kazini asubuhi anataka alale jua likiwa upande wa pili wa nyumba, na Ramani akamjibu kutoka palepale alipokaa, akachora kwa kidole juu ya benchi langu, chumba hiki, mlango ule, dirisha hapa, mti wa jirani kule. Nesi akamwambia mlango ausogeze. Ramani akausogeza kwa kidole. Walielewana vizuri tu, ila sisi wengine hatukuwa na muda wa kuliona hilo, kwa mawazo tulikuwa tumeshafika duka la laptopu.

— Mwanangu — Stempu akamshika Ramani bega — nimebadili msimamo. Kamchukue.

Stempu hajawahi kubadili msimamo tangu nimjue. Hata alipokosea siku ya mazishi akaenda msiba wa watu wengine, alikaa mpaka mwisho.

— Kamchukue. Siwezi kuondoka duniani sijamwona mgeni akiinuliwa kifuniko.

— Tunakwenda wote! — nikasema. — Nafunga duka!

— Boksi nalibeba mimi — Chaja akasema. — Kifuani. Hakuna wa kuligusa mpaka hapa.

— Na hafunguliwi mpaka nioshe mikono — Shangazi akasema. — Simpokei mgeni na mikono ya kahawa.

— Na yule wa zamani aliyeko juu? — Ramani akauliza.

— Tutamwambia taratibu — Stempu akaahidi. — Nitamwambia mimi. Nitamwambia amepandishwa cheo, sasa ni mshauri.

Hapo Ramani hakuweza tena kujizuia. Alipanda juu ya benchi langu na viatu vyake, na mimi, ambaye nimewahi kumfukuza mtu kwa kuweka ndoo tu hapo, nikamwacha.

— Namchukua! — akapaza sauti, dirisha na lisikie. — Leo hii hii! Kile kiduara sitaki kukiona tena! Nainua kifuniko, pap, niko kazini! Asubuhi yote yangu! Sishuki, singoji, sipandi ngazi mbio na roho mkononi!

— Hushuki! — tukamwitikia kwa makofi.

— Singoji!

— Hungoji! Hungoji!

Chaja anapiga meza, Stempu anagonga paja bila kuhesabu, mimi napiga makofi mpaka viganja vinawaka. Nesi na yeye alipiga makofi, kikombe katikati ya magoti, anatabasamu na usingizi wake. Makofi yalipopungua kidogo, akauliza.

— Hongera, kaka. Basi Ijumaa nikija, nikutafute juu au hapa?

Ramani akageuka juu ya benchi.

Akatazama ngazi. Akatazama nafasi yake kwenye benchi, pale katikati, palipobaki wazi kwa kuwa yeye alikuwa amesimama juu. Chaja akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Mkono wa Stempu ulikuwa umeinuka kugonga paja, ukabaki hewani. Shangazi akachukua kikombe cha Ramani, kile chenye ufa kwenye mkono ambacho hakuna mtu mwingine anayepewa, akakifuta. Akakifuta tena.

Mimi niliumia, nasema wazi. Asubuhi nzima nilikuwa nimemsukuma mwenzangu aondoke benchini, tena kwa makofi, na ilibidi mtu mwenye usingizi aje anionyeshe.

— Nimeuliza vibaya? — nesi akasema.

— Hapana, mwanangu — Shangazi akamjibu. — Umeuliza vizuri tu.

Dirisha la juu likasukumwa. Mke wa Ramani akatoa kichwa.

— Imefunguka!

Hakuna aliyeitikia.

— Nyie! Mmekufa huko? Nasema imefunguka!

— Tumesikia, shemeji — nikajibu, na sauti yangu sikuitambua.

Ramani hakupanda. Aliteremka kutoka kwenye benchi taratibu, akafuta kwa kiganja mahali alipokanyaga, akaketi pale pake, katikati. Akatoa simu, akapiga. Jamaa wa dukani ana sauti ya mtu wa kuuza, tulimsikia sote.

— Kaka! Adhuhuri ndiyo hiyo inaingia! Unaichukua?

— Naichukua — Ramani akasema.

Hatukupiga makofi. Alikitazama kikombe ambacho Shangazi alikuwa bado anakifuta, akageuza uso kidogo upande wa ukuta, akanong'ona kwenye simu.

— Lakini, kaka, hamna namna ya kuifanya ichelewe kidogo kufunguka? Kiasi cha kikombe kimoja tu.